Koili Zilizojaa Marahaba

Feni ya chumbani kwangu Mkolani ilikuwa na marahaba ndani yake. Ukiiwasha ilinguruma kwanza kama mtu anayetafuta maneno, kisha ikapata moto mgongoni, na upepo iliotoa ungeweza kupoza kikombe kimoja cha chai, mradi mnywaji asiwe na haraka. Aliyeisuka ni Baba Mwenye Nyumba. Mafundi wa mota husema kusuka, maana yake kuzungusha waya mwembamba wa shaba kwenye koili mpaka ufikie idadi yake ya mizunguko. Idadi ikipungua, kifaa kinachemka. Yeye alihesabu kwa midomo, amekaa kibarazani, uso wake kwenye njia. Mtu akipita na kumwamkia, aliitikia marahaba, na aliporudi kwenye waya hesabu ilikuwa imeondoka na mpita njia.

Kwa hiyo wapangaji tukawa na lugha yetu. Redio iliyokoroma ilikuwa na marahaba kidogo. Pampu iliyoungua siku ya kwanza ilikuwa imesalimiwa na kwaya nzima.

Anayetaka kujua alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, angemuuliza mwenyewe. Mimi nilimuuliza mara kadhaa na kila mara nilipewa jibu jipya, kwa uso mkavu, pamoja na jina la mto. Nilichokijua kwa hakika ni kwamba alikuwa Msukuma, mjane, mzee wa kanisa, mwenye nyumba ya vyumba vya kupangisha, na kwamba kabla ya hapo alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha kuchambua pamba. Kiwanda kilipoanza kupunguza wafanyakazi, jina lake lilikuwa miongoni mwa waliotangulia. Yeye alilieleza jambo hilo tofauti.

"Mimi ndiye niliyekipunguza kiwanda," alisema. "Nenda kakione leo. Kimekonda."

Nilipanga kwake katika miaka ya tisini, nikiwa kijana mwenye shahada ya sanaa, mwalimu wa Kiswahili na historia, na mwenye imani kwamba nchi ilikuwa inasubiri makala zangu. Nchi ilikuwa inasubiri vitu vingine. Ndiyo ile miaka ambayo maduka ya mjini Mwanza yalijaa ghafla, kana kwamba mtu alikuwa amefungua mlango uliosahaulika: redio zenye taa nyingi kuliko mtaa wetu, feni, televisheni, friji ambazo watu wa nchi za baridi walikuwa wamezichoka. Umeme wetu nao ulikuja leo kwa hasira na kesho kwa kulazimishwa, ukaviunguza vyote bila upendeleo. Soko huria likaingiza, umeme ukaunguza, na Baba Mwenye Nyumba akakaa katikati yao na waya wake wa shaba, mtu mwenye furaha kuliko wote niliowafahamu.

Alikuwa mfupi, mpana, mwenye kofia ya pama iliyokwisha kusahau rangi yake. Mfukoni mwa shati, mahali ambapo watu wengine huweka kalamu, aliweka tesita, ile bisibisi yenye taa ndani ya mpini, na hakuivua hata Jumapili. Kanisani alisimamia vipaza sauti. Mhubiri alipopitiliza muda ambao yeye aliuona unatosha kwa dhambi za Mkolani, waya mmoja ulilegea. Sauti ikakatika, watu wakageuka, naye akainuka taratibu, tesita mkononi, akaukagua ule waya kwa huzuni kubwa mpaka mhubiri akafikia amina. Baada ya ibada alilaumu umeme wa Mwanza. Hakuna aliyeweza kubishana naye, kwa sababu umeme wa Mwanza ulistahili lawama yoyote.

Hakuwahi kukubali kosa. "Mimi sikosei," alikuwa akisema, "nachelewa kupatia." Katika drafti aliiba kete waziwazi, kisha akakushauri uwe mwangalifu na watu wanaoiba kete. Alitukataza wapangaji kutumia majiko ya umeme, akapita dirishani kunusa kama kuna anayechemsha maharage, na wakati huohuo chumbani kwake kulikuwa na birika la umeme alilolitengeneza kwa mabaki ya kitu ambacho hakutaka kukitaja. Chai ya birika hilo alitupa bure, pamoja na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na ilibidi uinywe mbele yake huku ukisifia.

Kwa mimi niliyetoka Majita, kando ya ziwa upande wa Mara, alikuwa na salamu maalumu. Nilipochelewa kumwamkia asubuhi aliniita toka kibarazani, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, akiuliza kama samaki wa kwetu ndio waliotufundisha kukaa kimya. Na hapo ndipo palipokuwa na fundo la maisha yake yote. Alidai salamu kama serikali inavyodai kodi. Aliyepita bila kuamkia aliitwa, akarudishwa, akaamkia upya. Lakini naye alilipa kwa ukamilifu. Mama aliyepita na kikapu akapiga goti kidogo na kusema mwangaluka, salamu ya Kisukuma, hakuitikiwa kwa kutikisiwa kichwa. Baba Mwenye Nyumba aliweka waya chini, akavua pama, akaitika, akauliza habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe, za yule mgonjwa wa juzi, kama ameanza kula. Mama alipomaliza kujibu na kwenda zake, mzee alirudisha kofia kichwani, akashika waya, akatazama angani.

"Tulikuwa mia tatu na ngapi?"

Aliwauliza kuku, kwa kuwa ndio waliokuwa karibu.

Nilimshauri afanyie kazi ndani. Alinitazama kama nimemshauri ahamie shimoni. Ndani kuna giza, alisema, na zaidi ya hapo, ndani nani atamwamkia? Basi akanifanya mimi kuwa kikokotoo chake: kwa kuwa nilikuwa nimesoma, nikae nihesabu yeye akizungusha. Nilifanya kazi hiyo kwa juma moja. Nilipofika kwenye mia na kitu nilianza kufikiria makala yangu, na niliposhtuka yeye alikuwa ananiangalia kwa upole wa kutisha. Feni niliyoielezea mwanzoni tuliisuka pamoja.

Binti yake mkubwa alikuwa muuguzi huko Magu. Alikuja kumwona kila alipopata nafasi, na mkobani alikuwa na sukari, sabuni na mashine ya kupimia presha, ile ya kufunga kitambaa mkononi na kuminya kipira. Alikuwa mwanamke mtulivu mwenye sauti ya wodini, sauti ambayo haipandi kwa sababu haijawahi kukataliwa. Siku moja alitukuta tumekaa na mama muuza maziwa, jirani yetu, ambaye alikuwa na friji moja ya mtumba na stabilaiza ya kuilinda friji hiyo dhidi ya umeme. Baba Mwenye Nyumba alikuwa ameisuka upya transfoma ya stabilaiza ile. Ilikuwa imetoa moshi, na maziwa yote ya mama yule yalikuwa yameharibika.

Mama hakuja kugombana. Alikuja kuamkia, akauliza habari za afya ya mzee, za usingizi wake, za binti, za wajukuu, na mwisho kabisa, kama kitu alichokumbuka njiani, akaweka stabilaiza iliyoungua miguuni pake. Ingekuwa nafuu angepiga kelele.

Alipoondoka, binti alikaa karibu na baba yake.

"Baba, hesabu zinakupotea. Funga kazi, twende Magu. Wajukuu wako huko, na mimi nitakuangalia."

"Hazinipotei. Zinachukuliwa."

"Na nani?"

"Na adabu za watu. Unataka nisiitikie?"

Binti alisema hajasema hivyo. Amesema kichwa kimechoka, na si aibu kichwa kuchoka. Mzee aliisukuma stabilaiza kando kwa mguu. Kisha akasema neno ambalo sikulisahau, na alilisema bila mzaha wowote.

"Magu nitakuwa baba wa nesi. Hapa wewe ndiye binti wa fundi."

Walikubaliana hivi, na mimi nikafanywa shahidi kwa kuwa nilikuwa karibu na sikuweza kuondoka bila kuonekana nimesikia. Binti angerudi wakati wa Pasaka. Mbele yake, palepale kibarazani, watu wakipita na kuamkia kama kawaida, mzee angesuka upya transfoma ya mama wa maziwa. Friji ikifanya kazi mpaka likizo ya binti iishe, habari ya Magu isingetajwa tena. Stabilaiza ikiungua, mzee angefunga virago na kuondoka naye. Kabla ya kuondoka, binti aliniachia mimi ile mashine ya presha, akanifundisha kuitumia, akaniambia kwa sauti yake ya wodini kwamba mimi ni msomi, nitampima baba kila wiki.

Basi ndipo alipoamua kujenga mashine ya kusukia. Wazo lenyewe halikuwa gumu. Unachukua nondo nyembamba yenye thredi, ile michirizi ya kushika nati, toka ncha hadi ncha, unaipitisha katikati ya kibao cha kuzungushia waya, unakibana kibao hicho kwa nati huku na huku. Nondo unailaza kwenye vigogo viwili vilivyotobolewa ili izunguke. Ncha moja unaiunganisha na mota. Mota ikizunguka, nondo inazunguka, kibao kinazunguka, nawe unaongoza waya tu kwa vidole. Mota aliipata mnadani, ilikuwa ya cherehani ya umeme, yenye kikanyagio cha kupunguza na kuongeza mwendo. Na kuhesabu? Hapo ndipo alipojivunia. Alinunua kikokotoo kidogo, vile vilivyokuwa vimeanza kuuzwa pamoja na njugu. Ukibonyeza moja, ukajumlisha moja, basi kila ukibonyeza tena alama ya sawasawa namba inapanda kwa moja. Alikifungua, akaunganisha nyaya mbili kwenye kitufe hicho, na akafunga kimsumari kwenye nondo kiguse bati la shaba kila mzunguko. Kila mguso ulikuwa mbonyezo. Mashine ingehesabu, yeye angeitikia marahaba mpaka achoke.

Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kitu kimoja, urefu wake kama kidole: namna ya kuunganisha shafti ya mota, kile kijiti cha chuma kinachozunguka, na ile nondo. Shafti ilikuwa laini, nondo ilikuwa na thredi, zilikaribiana unene lakini hazikulingana, na hazikutaka kutazamana sawasawa. Mafundi huita kiungo hicho kaplingi. Baba Mwenye Nyumba alikiita kitu kidogo. Kitu kidogo kilitula miezi.

Kwanza alizipeleka zikachomelewe. Mchomeleaji wa barabarani alikuwa mtu wa haraka, na jicho lake lilikuwa la milango ya mageti. Nondo ilirudi imeshikana na shafti kwa nguvu ya kudumu milele, na imepinda. Alipokanyaga, nondo ilirusha ncha yake huku na huku, vigogo vikacheza, meza ikaanza kutembea kibarazani kuelekea mlangoni kwangu. Kuku walihama. Mzee alisimama akaisindikiza meza kwa macho, akasema angalau sasa tunajua mota ni nzima. Ilibidi pale palipochomelewa pakatwe kwa msumeno, na shafti ikapoteza kipande chake.

Baadaye alichonga kipande cha mti wa mpera, akakitoboa huku tundu la shafti na huku tundu la nondo. Kilidumu muda wa kuita watu waje kuona. Kisha akafunga ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, ukazungushwa kama bendeji. Hapo mota ilizunguka kwa bidii yote na nondo ikakaa kimya, kama kijana anayepewa ushauri. Akakaza zaidi, mpira ukajisokota ukatoa harufu, akalegeza, nondo ikakaa kimya tena. Alianza kuchelewa kulala na, kwa mara ya kwanza, kuitikia salamu kwa neno moja. Watu wa njia ile walianza kuuliza kama anaumwa.

Nilimpima presha. Sijui nilisikia nini. Unafunga kitambaa, unaminya kipira, unaweka vile vidude masikioni na kusikiliza mapigo yakianza na yakikoma, huku ukitazama mshale. Lakini yeye aliongea wakati wote, na nilichokisikia kilikuwa sauti yake ikitoka kifuani, ikieleza kwamba tatizo ni ukaidi. Kiungo kikiwa kigumu, kila upande unalazimisha wa kwake. Kikiwa laini mno, hakuna anayemsikia mwenzake. Panatakiwa kitu kinachoshika bila kulazimisha. Akanyamaza. Nikafurahi, nikidhani sasa nitasikia mapigo. Nilipoinua macho nikamkuta anautazama mkono wake, au kwa usahihi zaidi, ule mpira mweusi mnene uliotoka kwenye kitambaa kwenda kwenye kipira.

Wiki iliyofuata mpira haukuwepo. Kitambaa kilikuwepo, kipira kilikuwepo, mshale ulikuwepo, katikati hapakuwa na kitu.

"Panya," alisema Baba Mwenye Nyumba.

"Panya wa Mkolani wanakula mpira, Baba?"

"Soko huria, Mwalimu. Kila mtu anakula anachokitaka."

Kibarazani meza ilikuwa imefunikwa kwa shuka. Alinizuia kuifunua mpaka nimwamkie vizuri, nikamwamkia vizuri, akafunua. Kipande cha mpira mweusi kilikuwa kimevalishwa shafti kwa nguvu upande mmoja na nondo upande mwingine, kimefungwa kwa waya pande zote mbili. Alikanyaga. Nondo ilizunguka kwa utulivu, bila kurusha ncha wala kubishana, kana kwamba ilikuwa imeelezwa jambo ikaridhika. Kikokotoo kilipanda: moja, mbili, tatu. Alivua pama. Nilidhani ataomba. Alijipepea.

Pasaka ilifika, na binti akafika. Jumatatu yake tulikusanyika kibarazani. Masharti yalisema watu wapite na kuamkia kama kawaida, lakini wapangaji tulikuwa tumekubaliana kupita zaidi ya kawaida, wengine tukizunguka nyumba na kurudi. Ninaamini wapo waliotaka ashinde na wapo waliotaka tu kuona. Binti alivuta kiti karibu na mashine. Macho yake yalipita kwenye mota, yakafika kwenye ule mpira, yakatulia. Kisha yakanitazama mimi. Nami niliwatazama kuku.

Alisema tu kwamba kikokotoo ni kitu cha Kichina na hakijui kiapo, kwa hiyo yeye mwenyewe atahesabu kwa macho, kimoyomoyo, kama anavyohesabu mapigo ya wagonjwa. Mwishoni walinganishe.

Mzee akakanyaga polepole, kwa maana mashine ikikimbizwa kikokotoo kiliruka namba. Waya wa shaba ukaanza kulala kwenye kibao, mzunguko kando ya mzunguko. Tukaanza kupita. Shikamoo, marahaba. Shikamoo, marahaba, mguu wako unaendeleaje? Aliinua mguu toka kwenye kikanyagio, akaongea kwa kirefu, akarudisha mguu, mashine ikaendelea pale ilipoishia. Hakutazama angani hata mara moja. Nilimwona akinenepa kwa furaha.

Kisha binti akasema, kwa utulivu uleule, "Baba, inatembea."

Kweli kibao kilikuwa kinatembea. Mota ya cherehani huzungukia upande mmoja tu, na upande huo ulikuwa ndio wa kulegeza nati. Kila mzunguko nati ilifunguka kidogo, na kibao pamoja na waya wetu wote kilikuwa njiani kuelekea ncha ya nondo, mahali ambapo kingedondoka na kumwaga waya wote. Watu waliacha kupita. Mimi nilishika nguzo ya kibaraza. Mzee aliinua mguu, akakitazama kibao.

"Najua," alisema. "Kinakuja kukuamkia."

Lakini alilimwaga kopo zima la misumari mezani, akapekua. Alitoa nati nyingine, akaiingiza kwenye nondo, akaikaza dhidi ya ile ya kwanza kwa spana mbili, moja ikisukuma huku na nyingine kule, mpaka zikabanana zisiweze kufunguka. Akapumua. Kikokotoo hakikuwa kimepoteza kitu. Akakanyaga tena.

Ndipo mama muuza maziwa alipokuja. Sidhani kulikuwa na mpango. Alikuwa anatoka kugawa maziwa. Alimkuta binti wa nyumba, ambaye hakuwa amemwona tangu siku ile ya moshi, akapiga goti, akaamkia. Na binti, mtoto wa baba yake, akainuka kitini. Akaitikia, akashika mikono ya mama kwa mikono yake miwili, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe. Mama naye akauliza za Magu, za kazi, za mvua ya huko. Mashine iliendelea kuzunguka taratibu. Baba Mwenye Nyumba hakuinua kichwa, ila aliacha kuongoza waya kwa mkono mmoja ili azibe mdomo.

Binti alipokaa, uso wake ulibadilika kidogo tu.

"Mama," mzee akamuuliza binti, kwa upendo mkubwa, "tulikuwa ngapi?"

Binti alitazama angani. Nilipoona vile nilijua kwamba kesi imekwisha, hata kabla ya transfoma kupakwa vanishi na kukaushwa, hata kabla ya friji kuanza kunguruma kesho yake na kuendelea kunguruma siku zote za likizo. Binti alikuwa mtu wa haki. Siku ya kuondoka alifungua mashine ya presha, akaikuta ilivyo, akaifunga tena.

"Baba, ule mpira niliuacha upime presha."

"Bado unapima. Ungekatika juzi, ungejua presha yangu ni ngapi."

Alicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka, na kicheko chake kilikuwa cha baba yake kabisa. Hakumtajia Magu tena.

Aliyemtoa Mkolani hakuwa binti wala kichwa. Miaka michache baadaye stabilaiza mpya zilikuja zikiwa rahisi kiasi kwamba iliyoungua haikustahili kubebwa hata kuvuka njia. Watu walitupa, wakanunua nyingine. Soko lililomletea kazi lilirudi kuichukua. Nilikuwa nimehama wakati huo, nafundisha kwingine, makala zangu mbili zimechapishwa na hakuna aliyegundua. Nilisikia tu kwamba mzee ameacha nyumba chini ya mpwa wake, ameondoka na meza yake.

Nilimwona tena nilipopelekwa Magu kusimamia mitihani. Nilishuka barabarani nikamuuliza mtu wa duka nyumbani kwa nesi ni wapi, nikamweleza nesi gani, mtulivu, mwenye baba mzee. Mtu wa duka alifikiri, kisha uso ukamng'aa.

"Ahaa, binti wa fundi. Pita hapo kwenye mashine ya mpunga, utamwona mzee mwenyewe kakaa njiani."

Nilimwona kabla ya kuufikia ua. Alikuwa amekonda, pama ni ileile, tesita ipo mfukoni, kiti kimewekwa mahali ambapo mtu asingeweza kupita bila kumkanyaga au kumwamkia. Pembeni yake meza ya kusukia, nondo na vigogo na kikokotoo, ila kati ya mota na nondo palikuwa wazi. Binti alikuwa amepiga magoti mbele yake. Kitambaa kilikuwa kimefungwa mkononi mwa mzee, na ule mpira mweusi ulikuwa umerudi kwao, ncha zake zimepanuka, una mafuta ya mashine, umekazwa kwa kamba ya kufungia koili. Binti alikuwa na vidude masikioni, macho kwenye mshale, midomo inatikisika kidogo. Niliona kwamba hataki kushtuliwa. Nilisimama kando ya ua, kimya, nikisubiri amalize.

Mzee aliniona. Alinitazama, akaitazama ile saa ya presha ambayo mshale wake ulikuwa unashuka polepole, akamtazama binti yake, na nikaona jicho moja likifumba.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mashine ya mpunga, "huko ulikokwenda wamekufundisha kusimama kama nguzo?"

Sikuwa na la kufanya.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba," alisema, akavua pama kwa mkono uliokuwa huru, akaanza kuniuliza habari za Majita, za ziwa, za mvua, za wazazi wangu mmoja mmoja. Binti alivua vidude masikioni, akashusha pumzi, akafungua kitambaa, akaanza kukifunga upya.